Majibu kwa Wasomaji: Eko ya Moyo Kabla Miguu Haijavimba

Barua nyingi za safari hii, kutoka Njoro hadi Busia, zimezunguka swali moja: je, eko ya moyo, yaani picha ya moyo inayochukuliwa kwa mawimbi ya sauti, inaweza kufichua hatari ya moyo kushindwa kabla mtu hajaanza kuhema na kuvimba miguu? Inaweza, lakini si kwa kila mtu, na si kwa kusoma tarakimu moja ya ripoti kisha karatasi ikafungiwa kabatini. Barua tumezifupisha na majina ya walioandika tumeyaacha.

SWALI: Nina miaka 54, ni mkulima hapa Njoro. Huu ni mwaka wa kumi nikiwa na presha. Dawa nameza, ingawa kuna miezi mambo yakibana naziacha. Siumwi popote, sichoki, na ECG yangu ilisomwa kuwa sawa. Afisa wa kliniki ameniandikia eko. Kwa nini nilipie picha ya moyo usioniuma?

JIBU: Kwa sababu moyo wa mwenye presha hubadilika umbo miaka mingi kabla ya kumsumbua mwenyewe, na ECG huyakosa mengi ya mabadiliko hayo. ECG hupima umeme. Ukuta wa misuli unaweza kuwa umeshanenepa na umeme ukaendelea kuchora mistari ya kawaida. Eko huupima ukuta wenyewe, kwa milimita.

Madaktari wa moyo huugawa ugonjwa wa moyo kushindwa katika hatua nne, mpango uliotolewa Marekani mwaka 2001 na unaotumika hadi leo. Hatua A ni mtu aliye na hatari tu: presha, kisukari, unene, dawa fulani za saratani, au jamaa wa damu mwenye ugonjwa wa misuli ya moyo. Hatua B, moyo umeshabadilika lakini mwenyewe hajisikii lolote. Hatua C dalili zimeanza, na D ni pale dalili zisipotulia hata kwa dawa zilizozoeleka. Wewe leo uko A au B, na hakuna daktari awezaye kukuambia ni ipi kwa kukutazama tu na kusikiliza kifua. Kwa hiyo ameandika eko.

Kinachotafutwa ni hiki. Chumba cha chini cha kushoto ndicho kinachosukuma damu kwenda mwilini. Presha ikiwa juu, kila pigo lina kazi ya ziada na misuli yake hunenepa. Ukuta wa kawaida kwa mwanamume una milimita 6 hadi 10, kwa mwanamke 6 hadi 9. Uzito wa misuli hukokotolewa kulingana na ukubwa wa mwili: ukipita gramu 115 kwa kila mita mraba kwa mwanamume, au 95 kwa mwanamke, moyo umenenepa. Ukuta mnene huwa mgumu, damu huingia kwa shida, na chumba cha juu cha kushoto hutanuka kwa kusukumana na ugumu huo. Ujazo wa chumba hicho ukizidi mililita 34 kwa kila mita mraba kwa mtu mwenye presha, mara nyingi ni ushahidi kwamba presha imekuwa juu kwa miaka, hata kama siku ya kliniki ilisoma 130. Mwisho wa safari hiyo, chumba cha chini nacho hutanuka na nguvu ya kusukuma hushuka. Hapo ndipo watu wengi wa kwetu hufanyiwa eko ya kwanza, wakiwa wodini na oksijeni puani.

Matokeo yatabadilisha nini? Kwanza, ukuta ukikutwa mnene, ile miezi ya kuacha dawa inageuka kuwa jambo la hatari, na lengo la presha kwa kawaida huwekwa chini ya 130/80. Pili, uchaguzi wa dawa: zile za jamii ya enalapril na losartan hupunguza unene wa ukuta, na kwa mwenye kisukari au figo zilizoanza kudhoofika, dapagliflozin au empagliflozin hupunguza hatari ya moyo kushindwa. Tatu, ikikutwa nguvu ya moyo imeshuka bila dalili yoyote, kuna dawa zilizothibitika kuchelewesha ugonjwa. Utafiti uitwao SOLVD uliochapishwa mwaka 1992 uliwafuatilia watu 4,228 ambao msukumo wa moyo ulikuwa asilimia 35 au chini na hawakuwa wakitibiwa moyo kushindwa; waliopewa enalapril walipata dalili wachache zaidi na kulazwa mara chache zaidi kuliko wenzao.

Hapo unaposema huchoki, jihoji upya. Watu huficha dalili bila kujua kwa kupunguza mwendo. Aliyekuwa akipanda kilima kwenda sokoni kwa miguu sasa huita boda, na akiulizwa hujibu hana shida ya kupumua. Jaribu njia uliyokuwa ukitembea miaka mitatu iliyopita, kwa mwendo uleule.

Ikiwa pesa ni chache, eko hii si ya dharura. Anza na vitu vya bei ndogo ambavyo haviwezi kurukwa: presha kupimwa vizuri, sukari, kreatinini (kipimo cha figo), protini kwenye mkojo. Baadhi ya maabara hupima pia NT-proBNP, kemikali ambayo moyo huimwaga kwenye damu ukikandamizwa. Kwa mtu asiye mahututi, ikiwa chini ya pikogramu 125 kwa mililita, uwezekano wa moyo kushindwa ni mdogo na eko inaweza kungoja. Tahadhari mbili: kwa mtu mnene tarakimu hiyo hushuka kwa uongo, na kwa mwenye figo mbovu hupanda.

SWALI: Nimepewa tarehe ya eko hapa Nakuru. Nifunge kula? Nijaze kibofu kama ile ya mimba? Na mionzi je? (Msomaji wa Bahati)

JIBU: Kula, kunywa, nenda haja kama kawaida. Meza dawa zako za asubuhi pia, isipokuwa aliyekuandikia amesema vinginevyo. Kufunga kula, kwa saa sita hivi, ni kwa ile eko inayopitishwa kooni, ambayo si yako.

Mionzi hakuna. Ni mawimbi ya sauti ya megahezi 2 hadi 5 hivi, sauti ambayo sikio halisikii. Inge Edler na Hellmuth Hertz waliitumia kwa mara ya kwanza kurekodi moyo mjini Lund, Sweden, mwaka 1953. Utavua nguo za juu (wanawake sidiria pia, omba gauni linalofunguka mbele), utabandikwa waya tatu za ECG kifuani, na utalala ubavu wa kushoto mkono wa kushoto ukiwa juu ya kichwa. Kulala hivyo huusogeza moyo karibu na mbavu na mapafu yakakaa pembeni, kwa maana sauti haipiti kwenye hewa. Jeli itakuwa baridi. Kifaa kitakandamizwa sana chini ya titi la kushoto, nawe utaambiwa utoe pumzi na kuizuia. Ile sauti ya kushindilia itakayosikika ni Dopla ikipima mwendo wa damu. Haimaanishi kuna tundu. Eko kamili huchukua dakika 30 hadi 45. Ukitoka baada ya dakika tano na ripoti mkononi, ujue umefanyiwa uchunguzi wa haraka tu.

Kuhusu malipo, SHA ilichukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024; uliza dirishani kabla ya siku yenyewe kama kituo hicho kinalipiwa eko ya mgonjwa wa nje, usije ukashtukia bili mlangoni.

SWALI: Mama yetu ana miaka 63, tuko Nyalenda, Kisumu. Ana presha na sukari, naye huhema akipanda ngazi. Ripoti ya eko inasema EF ni asilimia 62 na chini imeandikwa moyo unasukuma vizuri. Tukafurahi. Lakini bado anahema. Ripoti hiyohiyo ina: ukuta milimita 13, chumba cha juu kushoto 40, E/e′ 16, TR 3.0. Tumwamini nani, ripoti au mama?

JIBU: Mwaminini mama. Na ripoti pia haikusema uongo, ila ilisomwa mstari mmoja.

EF ni sehemu ya damu inayotoka kwa kila pigo. Chumba kikijaa mililita 120 na kikabakiza 50, zimetoka 70, na 70 kwa 120 ni asilimia 58. Kwa mwanamke kawaida ni asilimia 54 hadi 74, kwa mwanamume 52 hadi 72. Mama yenu yuko ndani kabisa ya kawaida. Lakini EF haisemi damu iliingiaje. Moyo wake ni kama kiriba cha ngozi kilichokauka: kukikamua kunawezekana, kukijaza ndiyo taabu. Damu isipoingia kwa urahisi hurundikana nyuma, kwenye mapafu, na mtu huhema. Karibu nusu ya wagonjwa wa moyo kushindwa wana EF ya asilimia 50 au zaidi, na wengi wao ni wa sura hii: wanawake wenye umri, presha, sukari na uzito.

Sasa tusome zile tarakimu nyingine nne. Ukuta wa milimita 13 kwa mwanamke si unene wa kupuuzwa. Mwisho ni 9. Chumba cha juu 40, mwisho ni 34. E/e′ hulinganisha kasi ya damu ikiingia na mwendo wa ukuta ukilegea kuipokea. Wastani ukizidi 14, shinikizo ndani ya moyo kwa kawaida liko juu. Na TR 3.0 ni kasi ya damu inayovuja kwenye vali ya kulia, mita 3.0 kwa sekunde, ikizidi 2.8 huashiria shinikizo limepanda hadi kwenye mishipa ya mapafu. Zote nne zinaelekeza upande mmoja. Ingekuwa moja tu imepotoka, tungesema ngojeni.

Mwambieni daktari maneno haya: dalili zipo, EF ni ya kawaida, na vipimo vya kujaa kwa moyo vimepotoka. Akitaka uhakika, ataomba NT-proBNP. Ataangalia na damu, kwa sababu upungufu wa damu huhemesha vilevile, na ataangalia mapigo kama yanaruka. Katika matibabu, presha na sukari hukazwa, furosemide, dawa ya kuongeza mkojo, hupewa mgonjwa pale maji yanapojaa, na mgonjwa wa aina hii sasa hupewa empagliflozin au dapagliflozin, ambazo tafiti kubwa za mwaka 2021 na 2022 zilionyesha hupunguza kulazwa hospitalini. Dawa hizo huongeza sukari kwenye mkojo, hivyo fangasi za sehemu za siri ni usumbufu wa kawaida. Na siku ya kutapika au kuhara zisimamishwe kwanza, mkimjulisha daktari. Diclofenac na ibuprofen za magoti, zile anazonunua dukani, aache: hushika chumvi na maji mwilini na kuharibu kazi yote hiyo.

SWALI: Machi nilipimwa EF 56 katika kituo kimoja mjini Nakuru. Mei kituo kingine wakaandika 49. Moyo wangu umeshuka ndani ya miezi miwili au kuna mtu amekosea? (Mwalimu, Molo)

JIBU: Mwalimu, huenda hakuna kilichoshuka. Watu wawili wakipima moyo mmoja siku moja, tofauti ya pointi 5 hadi 10 si ajabu. Pointi zako 7 zinaingia humo. Ila tusiishie hapo, maana kupita mstari wa 50 kuna uzito wake: asilimia 41 hadi 49 huhesabiwa kuwa msukumo uliopungua kidogo, na 40 kushuka chini kuwa uliopungua.

Tofauti hutoka wapi? Ya kwanza ni njia ya kupima. Tafuta kwenye ripoti. Njia inayopendekezwa ni kuchora ukingo wa ndani wa chumba kutoka pande mbili, picha ya vyumba vinne na ya vyumba viwili, damu ikiwa imejaa na ikiwa imetoka. Huandikwa Simpson au biplane. Njia ya zamani hupima mstari mmoja tu katikati ya moyo na kukadiria mengine, huandikwa Teichholz. Moyo uliolegea sehemu moja, kwa mfano baada ya mshtuko wa moyo, utaonekana mzima kwa mstari huo mmoja ikiwa sehemu mbovu iko kwingine. Na kuna wanaokadiria kwa macho. Mtu mzoefu hukadiria vizuri, lakini kadirio la macho halifai kulinganishwa na kadirio la mtu mwingine.

Ya pili ni kukata ncha ya moyo. Kifaa kikiwekwa ubavu mmoja juu ya pale panapotakiwa, picha hupita kando ya ncha: chumba huonekana kifupi na cha duara, ujazo unapungua, na EF mara nyingi hupanda kwa uongo. Kosa hili ni la kila siku, hasa chumba cha eko kikiwa na foleni ndefu.

Ya tatu ni hali yako siku ile. Presha ikiwa 175/100 mezani, moyo unasukuma dhidi ya shinikizo kubwa na EF hushuka. Mapigo yakiwa 110 kwa sababu umekimbia kutoka stejini, vipimo vya kujaa kwa moyo huvurugika. Mapigo yasiyo na mpangilio yanataka wastani wa mapigo matano au zaidi, na aliyechukua pigo moja zuri amekuchagulia jibu.

Fanya hivi: chukua picha zenyewe, si karatasi tu, kwenye CD au flashi kutoka vituo vyote viwili, mtu mmoja azisome kwa pamoja. Mara nyingi hilo humaliza ubishi bila eko ya tatu. Ikibidi kurudia, rudia baada ya presha kutulia, na kuanzia hapo baki kituo kimoja na mashine ileile. Mwombe apime na streni, yaani kiasi ambacho nyuzi za misuli hufupika kwa urefu. Huandikwa GLS, nayo huwa na alama ya kutoa. Moyo mzima hukaa karibu na −20. Ikilegea hadi −15 hali EF ni 55, misuli imeanza kuchoka kabla EF haijajua. Lakini streni hutaka picha safi, na kila kampuni ya mashine ina hesabu yake, kwa hiyo usilinganishe −18 ya mashine moja na −16 ya nyingine.

SWALI: Dada yangu alijifungua Bungoma wiki tano zilizopita, alikuwa na presha ya mimba. Sasa miguu imevimba, usiku hawezi kulala bila mito mitatu, anakohoa. Wanasema ni uchovu wa mtoto. Tumepanga eko mwisho wa mwezi.

JIBU: Msingoje mwisho wa mwezi. Mpelekeni hospitali leo, usiku huuhuu ikibidi. Kushindwa kulala chali, kukohoa na kuvimba miguu ndani ya miezi mitano baada ya kujifungua ni ugonjwa wa misuli ya moyo wa uzazi hadi eko iseme sivyo, na presha ya mimba huongeza hatari yake. Unachanganywa na uchovu wa kawaida kila mara, ndiyo sababu hugunduliwa ukiwa umekomaa. Mapokezi semeni wazi: amejifungua wiki tano, hawezi kulala chali. Eko yake hutafuta EF chini ya asilimia 45, na damu iliyoganda ndani ya chumba.

Wengi hupona ndani ya miezi, wakitibiwa mapema. Eko hurudiwa, kwa sababu jambo la mimba nyingine hutegemea jibu hilo: EF isiporudi angalau asilimia 50, hashauriwi kubeba tena. Kwa uzazi wa mpango akae mbali na vidonge na sindano zenye estrojeni, ambazo huongeza hatari ya damu kuganda. Kipandikizi au koili ni salama zaidi. Na enalapril atakayopewa sasa haifai kabisa akipata mimba.

SWALI: Miguu yangu huvimba jioni tangu niongezewe amlodipine ya presha hadi miligramu 10. Ni moyo? (Ahero)

JIBU: Pengine ni dawa. Amlodipine huvimbisha vifundo vyote viwili, zaidi jioni, na zaidi kwa miligramu 10 kuliko 5. Maji hubaki miguuni na mtu hulala chali bila shida. Furosemide haisaidii sana hapo. Kurudi 5 na kuongezewa losartan au enalapril mara nyingi husaidia. Usiiache mwenyewe. Eko itahitajika ikiwa unahema pia, au uzito umepanda kilo mbili ndani ya siku tatu. Mguu mmoja ukivimba kuliko mwenzake, nenda upimwe upesi, maana hapo tunawaza damu iliyoganda kwanza.

SWALI: Kijana wangu wa miaka 12 alipimwa moyo shuleni, Kakamega, kwa kifaa kidogo cha mkononi. Wanasema vali inavuja kidogo, huenda ni homa ya baridi yabisi. Anacheza mpira vizuri tu. Je, aanze sindano?

JIBU: Kwanza apate eko kamili. Kifaa cha mkononi ni chujio kizuri lakini Dopla yake ina mipaka, na kuvuja kidogo sana kwa vali huonekana kwa watoto wazima wengi. Eko kamili huangalia vali ya kushoto: uvujaji unaonekana kutoka pande mbili? Una urefu gani? Vali yenyewe imekuwa nene, imefungwa mwendo, kamba zake zimefupika?

Ikithibitika kuwa baridi yabisi ya mwanzo, yaani vali iliyoanza kudhurika na homa inayofuata maambukizi ya koo, jibu letu ni ndiyo, sindano. Utafiti uliofanywa Uganda, jirani zetu, na kuchapishwa mwaka 2022 ulichukua watoto 818 wa miaka 5 hadi 17 wenye dosari iliyojificha kama hii. Nusu walipata benzathine penicillin kila wiki nne. Baada ya miaka miwili vali zilikuwa zimeharibika zaidi kwa asilimia 0.8 ya waliochomwa, dhidi ya asilimia 8.2 ya wasiochomwa. Kwa watoto wakubwa dozi ni yuniti milioni 1.2, msulini, na inauma. Kuna watoto wanaoacha kwa ajili ya maumivu. Kupasha chupa joto mkononi na kudunga polepole husaidia. Kikiwepo kisa chochote cha mzio wa penisilini, kisemwe kabla ya sindano. Na vali ikiwa imeharibika sana, apewe rufaa hadi kliniki ya moyo, kwa mfano Hospitali ya Rufaa ya Moi, Eldoret. Mpira aendelee kama eko haikuonyesha uharibifu mkubwa.

SWALI: Natibiwa saratani ya titi Eldoret, kwa doxorubicin na baadaye trastuzumab. Kila mara eko, eko. Zote sawa. Naweza kuruka?

JIBU: Usiruke, dada. Ile ya kwanza, kabla ya dozi, ndiyo kipimo cha kulinganishia. Bila hiyo zinazofuata zinapoteza nusu ya maana. Wakati wa trastuzumab, eko kila miezi mitatu ndiyo desturi. Hatari ya doxorubicin kwa moyo hukua na jumla ya dozi, na kuanzia miligramu 250 kwa mita mraba mgonjwa huhesabiwa kuwa wa hatari kubwa. Streni ndiyo hutoa ishara ya kwanza: ikiwa ulianza −20 na sasa ni −16.5, umepoteza zaidi ya asilimia 15 ya ulichoanza nacho, na daktari anaweza kuongeza dawa ya kulinda moyo bila kusimamisha tiba. EF ikishuka pointi 10 na kufika chini ya 50, hapo mazungumzo huwa mengine.

SWALI: Binti yetu ana selimundu, miaka 17, Siaya. Hana dalili za moyo. Afanyiwe eko kila mwaka?

JIBU: Bila dalili, mwongozo wa Marekani wa mwaka 2019 haupendekezi eko ya kawaida. Akianza kuhema, au oksijeni ikishuka, au akichoka kuliko wenzake, afanyiwe. Na ifanywe akiwa ametulia, wiki kadhaa baada ya maumivu makali au kulazwa, kwa sababu wakati wa maumivu shinikizo la mapafu hupanda kwa muda. Kwake TR huangaliwa kuanzia mita 2.5 kwa sekunde, si 2.8.

SWALI: Kuna kambi ya afya Nakuru inauza eko kwa bei ya punguzo. Nina miaka 31, sina presha wala sukari, nakimbia. Nichukue nafasi?

JIBU: Hapana. Kitakachopatikana kwa mtu kama wewe ni vijimambo: vali ya kulia inayovuja kidogo, ambayo watu wengi wazima wanayo, kisha wasiwasi na eko nyingine. Hata mkimbiaji wa kweli ana moyo mkubwa kidogo unaoweza kusomwa kama ugonjwa. Pima presha, ni nafuu na ina maana zaidi. Maneno yetu yanabadilika ikiwa mzazi au ndugu yako alifariki ghafla akiwa kijana, au aliambiwa ana moyo mpana. Hapo fanya eko, lakini kliniki, si hemani.

SWALI: Mimi ni afisa wa kliniki, Busia. Ripoti za eko ninazopokea zina sentensi mbili. Fomu yangu niandike nini ili nipate jibu linalonisaidia?

JIBU: Ukiandika tu "eko, presha", utajibiwa kwa kifupi hichohicho. Andika swali: "Presha miaka 10, hana dalili, je, ukuta umenenepa, chumba cha juu kushoto kimetanuka, shinikizo la kujaa liko juu?" Andika urefu na uzito, maana bila hivyo uzito wa misuli na ujazo wa chumba cha juu haviwezi kulinganishwa na mwili. Andika presha ya siku hiyo, mapigo kama yana mpangilio, dawa anazomeza, na EF ya zamani pamoja na njia iliyotumika.

Kisha dai tarakimu hizi, siyo maneno "ndani ya kawaida": EF na njia yake, unene wa kuta mbili na upana wa chumba cha chini kushoto, uzito wa misuli kwa mita mraba, ujazo wa chumba cha juu kushoto kwa mita mraba, E/A (uwiano wa kasi mbili za damu ikiingia chumbani), e′ (mwendo wa ukuta ukilegea) za pande zote mbili na E/e′, kasi ya TR, TAPSE, yaani mwendo wa upande wa kulia wa moyo ukisukuma, ambayo inapaswa kufika milimita 17, mshipa mkuu wa chini, usiozidi milimita 21 na unaosinyaa zaidi ya nusu mgonjwa akivuta pumzi kwa pua, na maji yanayozunguka moyo, ambayo kwetu huku hutufanya tuwaze kifua kikuu mapema.

Omba pia iandikwe ubora wa picha. Mgonjwa mnene au wa mapafu mabovu hutoa picha hafifu, na EF ya 50 iliyopimwa kwenye picha ambayo kingo hazionekani haifai kumwanzishia wala kumwachisha mtu dawa.

Kurudia: ukuta mnene na EF nzuri, hakuna haja kila mwaka kama presha imeshikwa na hali haijabadilika. EF iliyoshuka, rudia miezi mitatu hadi sita baada ya dawa kufikishwa dozi kamili. Dalili mpya, rudia sasa.